Umechagua picha 50, zimefika 20: dhana potofu kuhusu kupakia picha kwa mkupuo

Mwenye galeri kwenye seva yake mwenyewe anaijua hali hii. Unachagua picha zote za safari, mstari wa upakiaji unajaa hadi mwisho, kisha kimya. Au zinaonekana chache tu. Hapo ndipo lawama zinapoanza, na mara nyingi zinamwangukia asiyehusika.

Dhana: Intaneti ndiyo mbovu

Intaneti mbovu hukata popote, mara kwenye picha ya 7, mara kwenye ya 31. Picha zikikwama palepale kila ukijaribu, ujue umegonga kikomo. PHP, ambayo ndiyo inayoendesha galeri nyingi za aina hii, ina mpangilio uitwao `max_file_uploads`, na thamani yake ya awali ni 20. Galeri ikituma picha 50 ndani ya ombi moja, yaani kwa mtumo mmoja kwenda kwenye seva, 20 za kwanza zinapokelewa na 30 zinaachwa. Kwenye kivinjari huenda usione kosa lolote, maana onyo linaishia kwenye logi ya seva. Programu zinazotuma picha mojamoja, au zinazoikata kila picha vipandevipande kama Piwigo, hazigusi kikomo hiki. Basi kabla ya kupiga simu kwa mtoa huduma, hesabu zilizofika. Zikiwa 20 kamili, jibu unalo.

Dhana: Nimeshaongeza `upload_max_filesize`, kwa hiyo tatizo haliko hapo

Hii ndiyo inayopoteza watu muda kuliko zote. `upload_max_filesize` hupima faili moja, na huanza na megabaiti 2. Kuna mwenzake, `post_max_size`, anayepima ombi zima, naye huanza na megabaiti 8. Ukimpandisha wa kwanza hadi 64 ukamsahau wa pili, picha ya megabaiti 10 haipiti ng'o.

Ubaya zaidi uko kwenye ujumbe unaorudi. Ombi likizidi `post_max_size`, PHP hailipokei nusunusu: `$_FILES` na `$_POST`, ambamo PHP huweka faili na data za fomu, zote mbili zinabaki tupu. Galeri haioni picha, na haioni hata ile tokeni ya usalama iliyotumwa pamoja na fomu. Kwa hiyo inakuambia hujachagua faili, au muda wako umeisha, ingia upya. Mtu anashinda anabadilisha nywila, kumbe picha zilikuwa nzito tu.

Na PHP si mlango wa kwanza. Nginx, programu ya seva ya wavuti, ikiwa mbele yake, `client_max_body_size` huanza na megabaiti 1 tu, na anayezidisha anarudishiwa kosa 413. Ukipitia Cloudflare, huduma inayokaa kati ya wageni na seva yako, kwa mpango wa bure, ombi moja haliruhusiwi kuzidi megabaiti 100, na hilo hulibadilishi kutoka kwenye seva yako. Mimi nikiona 413 naanzia huku mbele, PHP baadaye.

Halafu kuna wanaohariri faili isiyo yenyewe. Amri `php --ini` inakuonyesha `php.ini`, faili ya mipangilio ya PHP, inayotumiwa kwenye laini ya amri; ile ya PHP-FPM, huduma inayoendesha PHP kwa ajili ya tovuti, mara nyingi ni nyingine kabisa. Fungua `phpinfo()`, ukurasa unaoonyesha mipangilio ya PHP, kupitia kivinjari, usome ni faili ipi iliyopakiwa, hariri hiyo, kisha uwashe upya PHP-FPM. Usipoiwasha upya, ni kama hujafanya kitu.

Dhana: Picha ya megabaiti 5 haiwezi kumaliza kumbukumbu ya megabaiti 128

Inaweza. Hizo megabaiti 5 ni za JPEG iliyobanwa, na ili kutengeneza kijipicha lazima picha ifunguliwe yote. Chukua picha ya 6000 kwa 4000: ni pikseli milioni 24, na GD, maktaba ya PHP ya kuchakata picha, hutumia baiti 4 kwa kila pikseli. Tayari ni takriban megabaiti 96. Ikihitaji kuzungushwa kwa sababu ilipigwa simu ikiwa wima, inatengenezwa nakala ya pili yenye ukubwa uleule, na 128 zimepitwa. Dalili yake ni picha halisi kukutwa kwenye folda huku kijipicha hakipo.

Lakini usikimbilie `memory_limit`, yaani hicho kikomo cha kumbukumbu cha PHP, kabla ya kujua nani anayechakata. Kama galeri inatumia ImageMagick, programu nyingine ya kuchakata picha, vikomo vyake viko kwenye `policy.xml`, na huko `memory_limit` haina usemi.

Dhana: Weka ruhusa 777, yataisha

Hayaishi, na umeifungua folda kwa kila mtumiaji wa mashine hiyo. Folda inatakiwa imilikiwe na yule anayeendesha PHP; kwenye Debian huwa ni `www-data`. Na kama kilichojaa ni diski ya faili za muda, ruhusa hazina la kufanya. Angalia kwa `df -h`, kisha `df -i`, kwa sababu maelfu ya vijipicha yanaweza kumaliza inodi, yaani nafasi za kuorodhesha faili, huku nafasi bado ipo.

Dhana: Kosa 504 maana yake picha haikufika, tuma tena

Nginx imechoka kusubiri tu. Kwa kawaida husubiri sekunde 60. Nyuma yake PHP inaweza kuwa bado inachakata. Ukituma tena, utakuta picha pachapacha. Tazama folda kwanza.

Dhana: SFTP inakwepa matatizo yote

SFTP, yaani kuhamisha faili moja kwa moja hadi kwenye seva bila kupitia kivinjari, inakwepa vikomo vya upakiaji, hilo ni kweli, na kwa picha elfu kadhaa ndiyo njia ninayoipenda. Ila faili kuwa kwenye diski hakutoshi, kwa sababu hifadhidata haizijui mpaka uendeshe usawazishaji. Piwigo kwa mpangilio wake wa awali huruka majina yenye nafasi au herufi za ajabu, kwa hiyo `Picha ya 1.jpg` itabaki nje na `picha_1.jpg` itaingia. Vijipicha navyo vitatengenezwa na mashine ileile, kwa kumbukumbu ileile. Na kama picha zimetoka iPhone, angalia viambishi vya majina: tangu iOS 11 ya mwaka 2017 simu hizo huweza kuhifadhi kwa umbizo la HEIC, na GD ya PHP haiisomi. Zigeuze kuwa JPEG kabla ya kuzipandisha.