Kugeuza nguo kuukuu: maana yake na jinsi inavyofanyika

Kugeuza nguo ni kulichukua vazi lililochakaa, lisilokutosha tena au lililopitwa na wakati, ukalifumua, ukalikata na kulishona upya mpaka lipate sura au kazi nyingine. Shati pana huwa blauzi, suruali huwa sketi, gauni refu hupunguzwa na kutiwa lesi. Si sawa na kutengeneza. Anayeziba tundu anataka nguo irudi ilivyokuwa, lakini anayegeuza amekubali kwamba haitarudi, naye anatafuta kilichobaki.

Na kipo, kwa sababu nguo haichakai yote kwa mara moja. Huanza kulika kwenye ukosi, viwiko, magoti na ncha za mikono, huku mgongo ukiwa bado imara. Kwa hiyo kabla ya kushika mkasi, inua nguo kwenye mwanga. Panapopenyeza mwanga kuliko pengine, ndipo palipolika. Pashike kwa vidole, uvute kidogo. Pakianza kuachana, uzi hautashika hapo. Inauma kuona mtu amedarizi maua jioni nzima juu ya kitambaa cha namna hiyo, kisha yakachomoka kwenye ufuaji wa kwanza.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni ya ukosi wa shati. Fumua mshono unaoushikilia kwenye mkanda wa shingo, uzi mmoja mmoja, kwa ncha ya mkasi mdogo. Ukitoka, ugeuze: upande wa chini, ambao haukuwahi kusuguliwa na shingo, sasa utazame juu. Linganisha katikati ya ukosi na katikati ya mkanda, piga bandi, yaani mishono mirefu ya kushikilia kwa muda, kisha ushone ukifuata vitundu vya sindano vilivyoachwa na mshono wa zamani. Ukimaliza, piga pasi. Hakuna kilichonunuliwa isipokuwa labda uzi, na shati limepata shingo mpya. Ukosi ukiwa umelika pande zote mbili, uondoe kabisa, ubaki mkanda peke yake.

Kwenye kukata, kumbuka kwamba nguo kubwa hutoa ndogo; ndogo ikitakiwa kuwa kubwa lazima iongezewe pande. Waingereza walipowekewa mgao wa nguo kwa kuponi, kuanzia 1941 hadi 1949, suti za wanaume zilifumuliwa zikawa koti na sketi za kike. Fulana na vitambaa vingine vinavyovutika vishonwe kwa zigizaga, maana mshono ulionyooka hukatika nguo inapovutwa.

Mapambo huja mwisho, lakini yafikirie tangu mwanzo. Pambo zuri kwangu ni lile lenye kazi: ua lililodariziwa juu ya doa lisilotoka, lesi inayorefusha sketi, kiraka cha rangi kilichowekwa waziwazi. Kiraka kipite ukingo wa tundu kwa sentimita 1 au 2 kila upande, kishike kitambaa kizima, na pembe zake uziviringe, kwani pembe kali huwahi kunyanyuka. Kama ni cha pamba mpya, kifue kwanza kisije kikarudi baadaye na kuikunja nguo. Huko Japani, mishono ya sashiko ilikuwa ya kuunganisha na kuimarisha vitambaa vya kazi. Leo wengi huishona kwa ajili ya uzuri wake tu.

Shanga zinahitaji subira. Pitisha uzi mara mbili katika kila moja, na ufunge fundo kila baada ya shanga chache, ili uzi ukikatika zianguke chache tu.

Na nguo iliyoshindikana kwenye mwanga pale mwanzo? Kata vifungo, fumua zipu na lesi, uvihifadhi. Shati litakalofuata huenda likavihitaji.