Mkanda Peke Yake Hauleti Ustaa

Mashabiki wengi wa mieleka ya WWE huamini kwamba, kwa kuwa mshindi hupangwa, bosi akikuteua tu ubebe mkanda wa ubingwa, umeshakuwa staa. Sivyo. Ushindi hupangwa kweli. Kelele za ukumbini hazipangiki.

Januari 2015, Philadelphia, mwanamieleka Roman Reigns alishinda Royal Rumble, pambano kubwa la WWE la wanamieleka 30. The Rock mwenyewe, staa mkongwe wa mieleka, akapanda ulingoni kumnyanyua mkono, na bado watu wakazomea. (Utazame uso wa The Rock pale, utamhurumia.) Kwa miaka Reigns alisukumwa hivyo hivyo kama steringi. Agosti 2020 akarudi kama adui, msemaji wake Paul Heyman pembeni, akiongea polepole kama mkuu wa ukoo. Hapo wakamkubali, na ubingwa akakaa nao siku 1,316.

Hata Steve Austin, aliyekuja kuwa staa mkubwa, mwanzoni mwa 1996 alikuwa akiitwa Ringmaster tu, jina ambalo halikuwashika mashabiki.