Wiki Sita Zinatimia Lini? Maswali na Majibu Kuhusu Kuhesabu Tarehe za Kliniki

Katika kliniki za mama na mtoto za Kisumu, Siaya na Kakamega, muuguzi huandika tarehe ya kurudi kwenye kijitabu, kisha humwambia mama kwa mdomo: "Utarudi baada ya wiki nne." Mama anayejua kuigeuza kauli hiyo kuwa tarehe kamili hubaki na uhakika hata kijitabu kikilowa mvua au mwandiko usiposomeka, na huweza kuuliza mapema iwapo tarehe iliyoandikwa hailingani na maelezo aliyopewa. Maswali yafuatayo huulizwa mara kwa mara.

Mtoto wangu alizaliwa Jumanne, tarehe 4 Machi 2025. Chanjo za wiki 6, 10 na 14 zilipaswa kutolewa lini?

Siku ya kuzaliwa haihesabiwi, kwa hiyo wiki ya kwanza ilitimia Jumanne iliyofuata, tarehe 11 Machi. Ili kupata tarehe ya mbali, zidisha idadi ya wiki kwa 7, jumlisha na tarehe ya kuzaliwa, kisha utoe siku za kila mwezi unaoupita. Wiki 6 ni siku 42. Ukijumlisha na 4 unapata 46. Machi ina siku 31, zinabaki 15, nayo ndiyo tarehe 15 Aprili. Kwa njia hiyo hiyo, wiki 10 zilitimia tarehe 13 Mei na wiki 14 tarehe 10 Juni.

Tarehe zote tatu ni Jumanne, na haiwezi kuwa vinginevyo, kwa kuwa wiki kamili hurudi daima kwenye siku ile ile. Hesabu yako ikikupeleka Alhamisi, fahamu kwamba umekosea mahali, uianze upya. Asiyependa kuzidisha anaweza kutumia kalenda ya ukutani: aweke kidole kwenye Jumanne ya kuzaliwa, ashuke safu hiyo hiyo ya Jumanne akihesabu "moja, mbili, tatu", na mwezi ukiisha aendelee na safu ya Jumanne ya mwezi unaofuata.

Je, si rahisi zaidi kusema mwezi mmoja na nusu, au miezi mitatu na nusu?

Ni rahisi kusema, lakini tarehe inayopatikana si sahihi. Wiki nne ni siku 28, na mwezi pekee wenye siku 28 ni Februari, tena katika mwaka usio mrefu. Mama aliyechukulia wiki 14 kuwa miezi mitatu na nusu angempeleka mtoto yule yapata tarehe 18 Juni, yaani siku nane baada ya wakati. Chanjo ya pentavalenti inayotolewa katika wiki hizo humkinga mtoto dhidi ya dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini aina ya B na bakteria wa Hib wanaosababisha nimonia na homa ya uti wa mgongo. Kifaduro huwa kikali zaidi kwa watoto wachanga, na ndiyo sababu ratiba huanza mapema hivyo. Baadaye ratiba hubadilika na umri huhesabiwa kwa miezi: chanjo ya surua na rubela, kwa mfano, hutolewa mtoto anapotimiza miezi 9, na tena miezi 18.

Tulikuwa na msiba nyumbani, chanjo ya pili ikatolewa tarehe 26 Mei badala ya 13 Mei. Je, ya tatu inabaki tarehe 10 Juni?

La. Kati ya dozi moja na nyingine ni lazima zipite angalau wiki nne, nazo huhesabiwa kuanzia siku mtoto alipochomwa sindano, wala si siku iliyokuwa imepangwa. Kwa kuwa 26 na 28 ni 54, ukitoa siku 31 za Mei unapata tarehe 23 Juni. Utaona kwamba siku imehama kutoka Jumanne hadi Jumatatu, kwa sababu dozi ya pili ilitolewa Jumatatu. Dozi zilizokwisha kutolewa hazirudiwi, na mama asiogope kwenda kliniki kwa kuhofia kukemewa. Kukaa nyumbani ndiko kunakomuumiza mtoto.

Tarehe ikiangukia Jumapili au sikukuu?

Nenda siku ya kliniki inayofuata, wala si iliyotangulia, kwa sababu dozi inayotolewa kabla ya muda huenda isihesabiwe.

Nina mimba. Hedhi yangu ya mwisho ilianza tarehe 10 Januari 2025. Nitarajie kujifungua lini?

Mimba huhesabiwa wiki 40, yaani siku 280, kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Wakunga hutumia njia ya mkato: huongeza siku 7 na kurudi nyuma miezi mitatu, kisha huuweka mwaka unaofaa. Hapa jibu ni tarehe 17 Oktoba 2025. Njia hii humfaa mwanamke ambaye mzunguko wake ni wa siku 28 hivi. Asiyekumbuka tarehe, au ambaye hedhi yake hubadilikabadilika, hupata makadirio bora kwa picha ya altrasaundi ya mapema. Hata hivyo, wachache tu hujifungua siku hiyo hasa, na ni busara nauli na vifaa viwe tayari kuanzia wiki ya 37.

Nimepewa dawa ya SP ya kuzuia malaria. Dozi nyingine ni lini?

Katika kaunti za eneo la Ziwa Victoria, ambako malaria huambukiza mwaka mzima, mjamzito huanza SP mimba ikishatimiza wiki 13, na huendelea kuipata hadi karibu na kujifungua, mradi dozi zipishane kwa angalau wiki nne. Aliyemeza Ijumaa asirudie kabla ya Ijumaa ya nne inayofuata. Anayetumia septrini kila siku kwa sababu ya virusi vya UKIMWI hapewi SP kabisa, na amwambie muuguzi jambo hilo kabla ya kupokea dawa yoyote.