Kubana raketi hakukomazi mkono

Katika vikundi vya WhatsApp vya wacheza tenisi hapa Lubumbashi kuna ujumbe usiokufa: ukipiga pigo la mgongo wa mkono (backhand), bana raketi kwa nguvu zote, na kiwiko kikiuma ujue mkono unakomaa. Si kweli. Tafadhali, usiusambaze.

Misuli inayoinua kiganja imeshikizwa na kano, yaani kamba inayounganisha msuli na mfupa, upande wa nje wa kiwiko. Ukibana mpini muda wote haipumziki, na kila mpira unaogonga nje ya katikati ya nyuzi hulemea kano hiyo. Bana wakati wa kugonga tu.

Mara nyingi kosa liko kwenye mshiko. Mpini una pande 8. Shika raketi uso wake ukiwa wima: kwa pigo la mgongo wa mkono linalopigwa kwa mkono mmoja, fundo la chini la kidole cha shahada likae upande bapa wa juu kabisa. Wengi hubaki na mshiko wa pigo la kiganja (forehand), kisha hupinda kifundo cha mkono ili kurekebisha uso wa raketi.

Kinachochanganya watu ni uchovu wa kawaida wa mazoezi, ambao huwa katikati ya msuli na huisha baada ya siku chache. Maumivu ya kano hukaa karibu na mfupa, na hurudi hata ukiinua kikombe. Jipime: nyoosha mkono, kiganja kikitazama chini, kiinue huku mkono mwingine ukikizuia. Kiwiko kikiuma kwa nje, pumzisha mkono. Yasipopungua, muone daktari.