Bosi wako hajawahi kuonana na mwanao, lakini anamlea

Mzazi akiniletea mtoto aliyeanza ghafla kukojoa kitandani au kupiga wenzake (na daktari keshahakikisha siyo maambukizi), swali langu la kwanza silipeleki kwa mtoto, namuuliza mzazi: kazini kwako kumebadilika nini? Wengi wananiangalia kama nimechanganyikiwa, manake mtoto hata geti la hiyo ofisi halijui.

Ndo penyewe hapo. Urie Bronfenbrenner, mwanasaikolojia aliyezaliwa Moscow 1917 akakulia Marekani, mwaka 1979 alieleza kwamba kuna mazingira mtoto anayoishi mwenyewe, nyumbani, shuleni, halafu kuna sehemu hakanyagi kabisa lakini yanayotokea huko yanamfikia tu, hizo ndo eksosistemu. Kazini kwa mzazi, marafiki wa mzazi, kikao cha bodi ya shule.

Yanamfikiaje? Mara nyingi kupitia mzazi mwenyewe. Zamu ikihamishiwa usiku, yule msimulia hadithi za kulalia hayupo, au yupo ila kachoka, anajibu kwa mkato, na kosa ambalo juzi lilichekewa leo linafokewa. Mtoto hajui habari za zamu, anachojua ni kwamba sauti imebadilika. Na siyo mabaya tu, mama mwenye shoga wa kumpigia simu siku zikimwelemea, mwanawe anafaidi bila hata kumjua huyo shoga.

Mfano ninaoupenda kuliko yote: jimbo la North Carolina, Marekani, timu ya mtafiti Jane Costello ilikuwa inafuatilia watoto 1,420 tangu 1993, katikati ya utafiti Wacherokee, jamii ya wenyeji asilia wa Marekani, wakafungua kasino, na kuanzia 1996 wanajamii hao wakawa wanapata mgao wa faida kila miezi 6. Kasino jamani, mahali mtoto haruhusiwi kucheza! Matokeo yakatoka 2003: watoto wa familia zilizotoka kwenye umaskini, ukaidi na ugomvi wao ulishuka mpaka wakalingana na wasiowahi kuwa maskini. Wasiwasi na huzuni hapana, hapo pesa haikufua dafu. Walipochimba sababu, kubwa ikawa wazazi kupata nafasi ya kuwasimamia watoto wao.

Kwa hiyo siku hizi naomba kwanza ratiba ya wiki, ya mzazi, siyo ya mtoto. Tunatafuta nusu saa ya jioni ambayo simu ya kazini inazimwa, tunaiacha hivyo wiki kadhaa, ndo tunaanza kumwangalia mtoto.