Kingamwili Zinazotafuta Kipokezi cha Njaa Ubongoni: Usiamini Lebo ya Kichupa

Watu wanaohudhuria mihadhara yetu ya elimu kwa umma hapa Nairobi siku hizi huuliza sana kuhusu sindano za kupunguza uzito. Dawa hiyo inafanya kazi wapi, tumboni au kichwani? Swali ni zuri, na jibu lake linategemea kitu ambacho wengi hawajawahi kukisikia: kichupa kidogo cha kingamwili, protini ambazo mwili huzitengeneza kupambana na vijidudu, ambacho mtafiti hukitumia kusaka kipokezi fulani, yaani protini ya seli inayopokea ishara, ndani ya ubongo. Kingamwili ikiwa mbovu, jibu nalo linakuwa bovu, hata likichapishwa kwenye jarida kubwa kiasi gani.

Kabla ya kurudi kwenye sindano, tuanze na kipokezi kingine cha njaa. Upande wa chini wa ubongo, juu kidogo ya tezi ya pituitari, kuna sehemu iitwayo hipothalamasi. Huko ndiko habari za njaa na shibe hupokelewa. Mafuta ya mwili hutoa homoni ya leptini, ambayo kundi la Jeffrey Friedman wa New York liliigundua mwaka 1994. Leptini inapoongezeka, baadhi ya seli za neva hutoa kemikali ya alfa-MSH, nayo hushika kipokezi kiitwacho MC4R, na hamu ya kula inapungua. Seli za jirani hutoa kemikali nyingine, AgRP, inayokizima kipokezi kilekile, na njaa inarudi.

Mwaka 1997 watafiti walionyesha kwamba panya walioondolewa jeni ya MC4R hunenepa kupita kiasi. Mwaka uliofuata, makundi ya Uingereza na Ufaransa yaliripoti binadamu wenye hitilafu katika jeni hiyo. Kisha mwaka 2003 utafiti wa Cambridge, uliochunguza watu 500 waliokuwa na unene mkubwa tangu utotoni, ulikuta hitilafu hizo kwa asilimia 5.8 yao. Natamani kila mzazi na kila mwalimu alijue jambo hili. Wapo watoto ambao ubongo wao haupati habari kwamba wameshiba, na kumwita mtoto kama huyo mlafi mbele ya wenzake ni kumwonea.

Sasa kipokezi chenyewe utakionaje? MC4R ni protini ya asidi amino 332 tu, na hadubini ya kawaida haiwezi kuionyesha. Ndipo zinapoingia kingamwili. Sungura akidungwa sindano yenye kipande cha kipokezi, kinga yake hukiona kuwa kigeni na kutengeneza kingamwili za kukishika, nasi tunazivuna kutoka kwenye damu yake. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein walionyesha namna ya kukuza maabarani seli zinazotoa kingamwili za aina moja tu, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Leo kingamwili huagizwa kwa katalogi. Mikrolita 100, yaani kama matone mawili, hugharimu dola mia kadhaa.

Kazi yenyewe huenda hivi. Ubongo wa panya hukatwa vipande vyembamba vya mikromita 30 hivi, vyembamba kuliko unywele, vinavyoelea kwenye kisahani cha plastiki kama ngozi ya maziwa. Hulowekwa kwanza katika seramu, majimaji ya damu yasiyo na seli, ili kingamwili isije ikashika ovyo. Kisha kingamwili hutiwa, kisahani hufunikwa na kulala kwenye friji kwa nyuzi 4 hadi asubuhi. Siku ya pili vipande husafishwa tena na tena kwa maji ya chumvi, halafu hutiwa kingamwili ya pili iliyounganishwa na rangi inayong'aa. Taa za chumba huzimwa. Chini ya hadubini, hipothalamasi inawaka kijani, na mwanafunzi aliyekesha na kazi hiyo anaanza kupiga picha kwa furaha.

Hapo ndipo ninapomwomba aweke kipande cha pili, cha panya asiye na jeni ya MC4R kabisa. Mnyama huyo hana kipokezi, kwa hiyo kipande chake kinapaswa kubaki giza. Kikiwaka kijani kama cha kwanza, basi hata ile picha nzuri haikuthibitisha chochote. Kingamwili imeshika kitu kingine.

Hili hutokea mara nyingi, na vipokezi vya aina hii ndivyo vinavyosumbua zaidi. MC4R huvuka utando wa seli mara saba, hivyo sehemu kubwa yake imejificha ndani ya mafuta ya utando na kinachobaki nje ni kidogo. Idadi yake katika kila seli ni ndogo. Zaidi ya hayo, ina ndugu wanne wanaofanana nayo, kuanzia MC1R hadi MC5R. Ukiita "Mama Wanjiku!" katikati ya soko la Gikomba, hatageuka mtu mmoja. Ufanano huo unawasumbua hata watengenezaji wa dawa: setmelanotaidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa watu wenye unene unaotokana na hitilafu fulani za jeni, inalenga MC4R, lakini huifanya ngozi ya watumiaji kuwa nyeusi zaidi kwa sababu inaigusa pia MC1R iliyo kwenye ngozi.

Mwaka 2009 jarida moja la famakolojia lilikusanya makala kadhaa kuhusu tatizo hili, na kingamwili nyingi za vipokezi vya jamii hii zilishindwa mtihani wa mnyama asiye na jeni. Zile sindano zinazoulizwa Nairobi, za semaglutaidi, zinalenga kipokezi kingine, cha homoni ya utumbo iitwayo GLP-1, kilicho kwenye kongosho na pia ubongoni. Mwaka 2013 watafiti wa Toronto waliripoti kwamba kingamwili zilizokuwa zikitumiwa sana kukitafuta zilionyesha "kipokezi" hata katika panya wasiokuwa nacho. Fikiria maana yake. Wanasayansi walikuwa wakibishana kuhusu usalama wa dawa, ni viungo gani inavigusa, huku baadhi ya ushahidi ukiwa picha za kitu kisichojulikana. Kingamwili bora zilipatikana baadaye, na leo tunaweza kumjibu muulizaji kwa uhakika zaidi: sehemu kubwa ya kazi ya kupunguza hamu ya kula hufanyika ubongoni.

Kwa MC4R, watafiti wengi wameamua kuzunguka tatizo. Wanabandika kwenye jeni ya kipokezi alama fupi, kwa mfano ile ya FLAG yenye asidi amino 8, kisha wanatumia kingamwili ya alama hiyo, ambayo imepimwa vizuri. Ndivyo ilivyojulikana kwamba hitilafu nyingi za MC4R hukifanya kipokezi kikwame ndani ya seli kisifike juu. Mwaka 2018, kwa panya ambao kipokezi chao kiliunganishwa na protini inayong'aa, ilionekana kwamba MC4R hukaa kwenye silia, kijinywele kimoja kinachochomoza kwenye seli ya neva. Miaka mingi ya kingamwili dhaifu ilikuwa imetuficha jambo hilo.

Maabara zetu si rahisi kuwa na panya asiye na jeni. Hata hivyo kipimo cha bei nafuu kipo: kuza seli zisizo na kipokezi, nusu yake uzitie jeni ya MC4R, kisha jaribu kingamwili kwa zote. Fanya hivyo kila unapopokea bechi mpya, maana kingamwili ya sungura wa leo si lazima ifanane na ya sungura wa mwaka jana. Ukishafungua kichupa kigawe katika vichupa vidogo, kwani umeme ukikatika na friza ikayeyuka mara kwa mara, kingamwili huharibika pasipo dalili yoyote ya nje.

Kwangu mimi, suluhisho la kweli ni kutengeneza zetu, na Nairobi si mgeni wa kazi hiyo. Maabara ya magonjwa ya mifugo ya ILRAD iliyoanzishwa Kabete mwaka 1973, ambayo sasa ni sehemu ya ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ilitengeneza kingamwili za aina moja dhidi ya kimelea cha ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe. Tuna pia ngamia. Mwaka 1993 watafiti wa Brussels waliripoti kwamba damu ya ngamia ina kingamwili zisizo na minyororo myepesi, yaani ile minyororo midogo ya protini iliyo kwenye kingamwili za kawaida, na kipande chake kidogo huweza kupenya kwenye mianya ya protini ambako kingamwili za kawaida hazifiki. Kipande cha namna hiyo, kilichotokana na mnyama wa jamii ya ngamia, kilisaidia kutuliza MC4R na protini inayoshirikiana nayo hadi umbo lao likapigwa picha na kuchapishwa mwaka 2021. Ngamia wamejaa Isiolo, Marsabit na Wajir. Kumchanja mmoja, kutoa damu kidogo na kuchuja jeni za kingamwili maabarani ni kazi inayowezekana hapa kwa daktari wa mifugo, mtaalamu wa molekuli na friza inayofika nyuzi 80 chini ya sifuri. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada ya utafiti aniletee pendekezo lake, tulijadili pamoja.