Ukaidi wa kocha huanzia mazoezini

Kila Kombe la Mapinduzi likikaribia na timu kubwa za Bara zikijiandaa kuvuka, maskani zetu kuanzia Michenzani hadi Jang'ombe hugawika mara mbili. Kuna wanaotaka timu za hapa zifunguke zicheze mpira, na kuna wanaotaka zipaki basi, yaani zirundikane nyuma kulinda goli. Wa kwanza huwaita wa pili waoga, na wa pili huwaita wa kwanza watoto. Mimi ni kocha wa daraja la chini hapa Unguja, na pembeni huwachambulia makocha wenzangu mechi zao kwa video. Ubishi huu naufurahia kama mtu mwingine yeyote, lakini kitaalamu unapita kando ya tatizo. Kocha anayekutana na mkubwa wake akacheza vilevile anavyocheza na timu ya mkiani, kisha akala mabao matano, mara nyingi hakuchagua kucheza hivyo. Hakuwa na njia ya pili ya kuchagua.

Chukua mechi ambayo wafuatiliaji wa Ligi Kuu ya Uingereza wanaijua vizuri. Novemba 2023 Tottenham ya kocha Ange Postecoglou iliikaribisha Chelsea. Wenyeji walitangulia dakika ya 6 kwa bao la Kulusevski. Dakika ya 33 beki wao Romero akala kadi nyekundu, Palmer akasawazisha kwa penalti, na mapema kipindi cha pili beki mwingine, Udogie, naye akatolewa kwa kadi. Wamebaki tisa, na mabeki bado wamejipanga karibu na mstari wa kati, kipa Vicario akitoka nje ya boksi kufagia mipira kama beki wa ziada.

Waliocheka usiku ule walicheka haraka mno. Mpaka dakika ya 75 ilikuwa 1-1. Mstari wa kati una siri yake: mshambuliaji akiwa bado katika nusu yake mwenyewe hawezi kuotea (offside), kwa hiyo ukiwapanga mabeki pale, mpinzani anabanwa kwenye eneo dogo na kila anayetangulia hatua moja anaotea. Chelsea walihangaika muda mrefu kabla hawajajua wakati wa kukimbia. Walipojua, Nicolas Jackson akafunga matatu na mechi ikaisha 4-1.

Basi kosa liko wapi? Laini ya juu, yaani mabeki kupangwa mbali na goli lao, ina sharti moja, nalo ni kwamba mwenye mpira lazima awe na mtu usoni. Akibanwa hawezi kunyanyua kichwa, na asiponyanyua kichwa hawezi kupiga pasi ndefu yenye jicho. Ukiwa na wachezaji kumi wa ndani unaweza kulitimiza sharti hilo. Ukiwa na wanane huwezi, maana wakimfuata mwenye mpira hakuna wa kuziba katikati. Laini ilibaki pale ilipo wakati sharti lake limeshaondoka uwanjani. Nyuma ya mabeki kuna kama mita 50 tupu, na winga mwepesi huzimaliza kwa sekunde sita hivi.

Postecoglou huyohuyo, Mei 2025, alikwenda Bilbao kucheza fainali ya Europa League dhidi ya Manchester United. Brennan Johnson akafunga kabla ya mapumziko, kisha Tottenham wakarudi nyuma na kuwaachia United mpira. Van de Ven aliokoa mmoja kwenye mstari wa goli akiwa hewani, na dakika za mwisho akaingizwa Kevin Danso ili nyuma wawe watano. 1-0, kombe. Kwenye ligi timu hiyo ilimaliza ya 17, na kocha alifukuzwa wiki chache baadaye, lakini hayo ni ya wenye timu. Ninachokitaka hapo ni kimoja: aliyeambiwa miaka miwili kuwa hajui kubadilika alibadilika, na wachezaji wake walijua kila mtu asimame wapi. Ujuzi wa namna hiyo haupatikani kwenye hotuba ya chumba cha kubadilishia nguo.

Huku kwetu ninachokiona zaidi ni kitu kibaya kuliko ukaidi. Ni kubadilika nusu. Kocha anasikia maneno ya mashabiki, anaogopa, na saa moja kabla ya mechi anawaambia mabeki, "Leo msipande." Washambuliaji hawaambii kitu. Mpira ukianza, namba 9, mshambuliaji wa kati, na mawinga wanakimbilia mabeki wa timu kubwa kama walivyozoea, na mabeki wetu wamekaa kwenye boksi la 18 kama walivyoamriwa. Baina yao kuna uwanja mzima, na ndani yake wamo viungo wawili maskini ya Mungu wanaokimbia huku na huku.

Nina kipande cha video cha mechi moja ya namna hiyo, timu siitaji, na hukionyesha kila ninapokaa na makocha. Beki wa timu kubwa anapokea mpira, namba 9 wetu anamkimbilia, beki anamtoa kwa pasi moja tu ya chini. Kiungo wa mbele wa wapinzani anaupokea katikati, anageuka, anatazama kulia, anatazama kushoto, anauburuza hatua nne. Hakuna aliyemgusa. Kisha anampenyezea winga. Baada ya goli, maikrofoni ya mpiga video ilinasa maneno ya wachezaji wetu wakigombana. Wa mbele: "Sisi tunakaba, nyie nyuma hampandi!" Beki: "Sisi tumeambiwa tusipande!" Wote wawili wamesema kweli. Aliyewagombanisha yuko pembeni na chupa ya maji mkononi.

Kukaa chini, yaani kukabia karibu na goli lenu, ni kazi ya wote kumi. Laini ikishuka mita 20, mshambuliaji naye anashuka mita 20. Kutoka mtu wa mbele kabisa hadi beki wa mwisho mimi huwataka wasizidi mita 30, iwe tuko juu au tuko chini. Timu inahama ikiwa nzima. Ukishusha kichwa bila mkia, au mkia bila kichwa, ni heri ungebaki na ukaidi wako. Wachezaji angalau wangekuwa wanafanya wanachokijua.

Jambo la pili ni namba za mfumo. Watu walimshambulia sana kocha Ruben Amorim pale Manchester United kwa kung'ang'ania 3-4-2-1 (mabeki watatu, mbele yao viungo wawili na wawili wa pembeni, kisha namba 10 wawili nyuma ya mshambuliaji mmoja), na mwenyewe alizidisha moto Septemba 2025 aliposema hata Papa hawezi kumbadilisha. (Kwenye baraza yetu mzee mmoja aliuliza kama wamjaribu Mufti.) Tatizo la mfumo ule linafahamika: katikati mna viungo wawili, na wakikutana na timu yenye watatu, mmoja anabaki huru. Lakini dawa si lazima iwe kuubomoa mfumo. Mmoja wa wale namba 10 wawili anaweza kushuka akamfuata yule aliye huru, au beki mmoja kati ya watatu akachomoka kumfuata na wenzake wawili wakasogeleana. Kwenye karatasi hakuna kilichobadilika, uwanjani kimebadilika kitu kikubwa. Kwa hiyo kocha anayetaja mfumo uleule kila wiki simhukumu bado. Natazama kwanza nani anamfuata nani.

La tatu ni la haraka lakini linaua timu nyingi. Ukikaa chini, bakisha mbele mtu wa kuushika mpira. Makocha wengi wakitangulia kufunga humtoa mshambuliaji wao mwenye kasi au mwenye nguvu wakaingiza beki wa sita. Tangu hapo kila mpira unaoondoshwa unarudi, mabeki hawapumui, na goli linaingia dakika za nyongeza. Halafu tunalaumu bahati.

Kwamba mdogo anaweza, hilo halihitaji mjadala Zanzibar hii. Januari 2024 Mlandege iliifunga Simba 1-0 kwenye fainali ya Mapinduzi pale Amaan, ikiwa mwaka wa pili mfululizo kulibeba kombe lile. Desemba 2017 Zanzibar Heroes ya Hemed Suleiman 'Morocco' iliifunga Tanzania Bara 2-1 na Uganda 2-1 kwenye CECAFA kule Kenya, ikatoka 2-2 na wenyeji kwenye fainali na kukosa kombe kwa penalti.

Kizuizi chetu cha kweli ni muda. Katika kikosi changu yupo anayekaa dukani Darajani, yupo wa bodaboda, na yupo mvuvi wa dagaa ambaye mwezi ukiwa gizani simwoni mazoezini kabisa. Uwanja tunagawana na timu nyingine. Ukitegemea kuanza kufundisha kukaa chini wiki ya kucheza na mkubwa, umeshachelewa. Ndiyo maana natenga nusu saa kila Jumanne, hata kama Jumamosi tunacheza na timu ya mwisho kwenye msimamo. Nawatoa wawili, wanacheza tisa kwa kumi na moja, na kazi yao ni kuhama tu: juu, kati, chini, bila umbali kuzidi. Wenye kipaji huchukia zoezi hili. Nawaelewa, linachosha na halina goli.

Amri ya kushuka simwachii kocha, yaani mimi. Uwanja kama Gombani ukijaa, beki wa pembeni aliye mita tano kutoka kwenye benchi hasikii unachopiga kelele. Amri anaitoa namba 5, beki wa kati, kwa kuwa ndiye anayeuona uwanja wote mbele yake, na kipa anairudia ili wa mbali waipate. Neno lenyewe liwe fupi, silabi mbili basi, na likishazoeleka mpaka wapinzani wanalitamka, tunalibadilisha.